Gurudumu la Nyuma, Upande wa Kulia

Ukimuuliza mtu wa Nachingwea wapi kuna fundi wa magari, naye atakuuliza, gari gani? Kama ni pikipiki, mafundi wako kila kona, watakuparamia kabla hujashuka. Kama ni gari ndogo, panda huko kwenye lami, kuna vijana wana kompyuta, wanachomeka waya kwenye gari na kusoma ugonjwa kama mganga anavyosoma kiganja. Lakini ukisema lori, tena lori la zamani lenye pua ndefu, watu watatazamana, halafu mmoja atasema, "Labda mzee Saburi. Kama hajarudi kwao Nambilanje."

Hajarudi. Yupo nyuma ya mashine ya kukoboa, kwenye banda la mabati lisilo na mlango. Mlango ulikuwepo, ila aliung'oa akaufanya meza, na meza ilipovunjika hakuona haja ya kuirudisha kuwa mlango. Mrefu, mwembamba, vidole vyeusi hata siku ya Idi. Mkewe Rukaiya anasema siku akiona vidole vya mumewe ni vyeupe hatauliza, atapiga yowe moja kwa moja, maana huyo atakuwa ameshaoshwa kwa ajili ya safari.

Kazi ya Saburi ni moja tu: habu za magurudumu ya nyuma, vile vitovu vinavyobeba gurudumu. Kuna watu wa injini, kuna watu wa gia, kuna watu wa umeme ambao wakigusa waya mmoja taa zinawaka na honi inalia yenyewe. Yeye aliingia karakana ya malori akiwa kijana, kazi yake kufagia, wakamtafutia kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Ilikuwa kulala chini ya tumbo la lori, kufungua magurudumu ya nyuma, kuchomoa shafti, kuvuta habu, kuosha beringi kwa dizeli na kuzijaza grisi mpya. Aliyemfundisha alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa matusi. Lakini moja halikuwa tusi: beringi hailambishwi, beringi inalishwa. Unachota fungu la grisi kwenye kiganja cha kushoto, beringi unaishika kwa mkono wa kulia, unaigongagonga ukingoni mwa kiganja, taratibu, mpaka grisi ichungulie upande wa pili katikati ya vyuma vyake vya kuviringika. Mvivu yeye anapaka juu juu tu, kama mtu anayejipaka mafuta usoni akaacha magoti.

Halafu inakuja sili. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana mambo yote yametokea hapa. Ndani ya akseli ya malori yale inatembea oili ya difu, lile bonge la gia la katikati, na oili ya difu inapenda safari kuliko machinga. Sili ni pete tu, ina mdomo mwembamba wa mpira, kazi yake ni kuiambia oili: mwisho wako hapa. Oili ikisikia, grisi inakaa kwenye beringi, breki zinabaki kavu, watu wanafika. Oili isiposikia, inapita, inaikoroga grisi inakuwa uji, uji unamwagikia breki. Na breki yenye mafuta ni mkono wenye mlenda. Unashika, na hujashika.

Zamani malori yale yalikuwa yanapanga foleni pale bandani. Ya ufuta, ya mbaazi, ya korosho, ya mbao, ya mchanga. Moja moja yalikwenda yakaisha. Wenyewe wakanunua magari mapya, na magari mapya yana mafundi wao. Likabaki lori moja, la bwana Hemedy wa Ruangwa, la rangi ya bluu zamani, sasa la rangi ya subira. Kwa hiyo mambo ya Saburi yalikuwa mepesi kuhesabika: lori lile likitembea, yeye ni fundi. Likisimama, yeye ni mzee mwenye vidole vichafu.

Dereva wa lori alikuwa Tadeo, Mmakua wa Mtua, mfupi, kifua kama pipa, sauti yake haihitaji honi. Na Saburi ni Mmwera. Wamwera na Wamakua wa huku kwetu ni watani, na kama wewe si mtu wa utani nikueleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakuachia unyoya kama risiti. Siku umefiwa, wote wanalia, yeye anakuja amevaa kanzu yako kinyume na kuuliza marehemu kaacha deni gani kwenye pombe. Nawe hukasiriki. Ukikasirika umepungukiwa wewe.

Basi wale wawili walikuwa hawajawahi kusalimiana kama watu. Lori likiingia, Tadeo anatoa kichwa dirishani.

"Mmwera! Bado unapumua hewa ya bure?"

"Naimaliza, ili Mmakua usikute. Shuka, gari linanuka panya wenu wa kitoweo."

"Panya wamekula wajomba zako wote wa Nambilanje wakaacha mikia tu."

"Mikia tumewatunzia shemeji zako, waje kuiomba."

Rukaiya akipita na chakula anatikisa kichwa. "Nyie wazee, Mungu anawaona."

"Mungu anamwona yeye, shemeji," anasema Tadeo. "Mimi ananipita, mfupi."

Na Tadeo alikuwa na mchezo wake mmoja aliopenda kuliko yote: kufa. Alishakufa mara nyingi sana. Anapiga simu kutoka njiani, anaongea kwa sauti ya kukata roho, "Saburi, breki zimekataa, nimepinduka, naona mwanga, njoo uchukue kofia yangu." Saburi mara ya kwanza alikimbia hadi stendi peku. Akamkuta Tadeo amekaa kwa mama ntilie anakula wali maharage, kofia kichwani, anacheka mpaka wali unatokea puani. Tangu hapo Tadeo akifa, Saburi anamuuliza jeneza la mbao gani.

Sasa turudi kwenye gurudumu. La nyuma, upande wa kulia.

Watu wengi wanaamini chuma kinakula mpira. Si kweli. Ule mdomo wa sili, laini kama sikio la mbuzi, unakaa juu ya chuma cha akseli, na vumbi letu jekundu linaingia kati yao, na miaka inapita, na mpira unakula chuma. Unachimba mfereji mwembamba, unaweza kuusikia kwa ukucha. Mfereji ukishakuwepo hata ulete sili mpya kutoka peponi, oili inapita chini yake kama mtoto anavyopita chini ya uzio.

Saburi aliuona mfereji ule mapema. Akafanya wanachofanya mafundi wa huku: akaisogeza sili mbele kidogo, ikakaa kwenye chuma kizima. Ikatulia, misimu ikapita. Nayo ikachimba pale. Akairudisha nyuma, akaweka kipande cha bati nyuma yake ikae katikati. Ikatulia. Ikachimba. Mwaka huu, msimu wa korosho unaanza, akafungua habu ile, akafuta chuma kwa kitambaa, akapitisha ukucha. Akapitisha tena. Chuma kizima hakikuwepo. Kilikuwa kimekwisha, mifereji imepangana kama mikunjo ya shingo ya kobe.

Dawa ipo, wala si siri. Akseli inashushwa nzima, inapelekwa kwa mtu wa kuchonga vyuma Masasi, anaivisha pete ya chuma, inarudi. Saburi alimwambia Hemedy. Hemedy ni mtu mnene mpole, anaongea polepole kama anayehesabu maneno asije akazidisha.

"Fundi," alisema, "korosho ziko chini, magunia yananisubiri. Nikisimamisha gari sasa, nasimamisha msimu."

"Basi baada ya msimu, bosi."

"Nisikilize. Lori hili limenichosha. Kila nikigeuka liko juu ya jeki. Wenye vyuma chakavu wananipigia kila wiki. Nakwambia kama mtu na mdogo wake: habu ile ikifunguliwa tena kabla ya msimu kwisha, haifungwi. Nawaita waje na mtungi wa gesi wakate."

Saburi akafunga habu. Aliilisha beringi kama mgeni wa kuja kuchumbia. Sili aliizungushia uzi wa katani uliolowekwa kwenye grisi, akaigonga kwa kipande cha mbao, sawasawa pande zote, akakaza nati huku anazungusha gurudumu, akailegeza kidogo, akaikunjia washa yake, isilegee yenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Ukiniuliza mimi, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, iliyofanywa juu ya chuma ambacho hakipo.

Kwa siku chache haikutoka hata tone. Saburi akaanza kutembea kifua mbele. Rukaiya akamuuliza kama ameoa.

Kisha alasiri moja Tadeo akaingia na lori likiwa tupu. Kesho yake alikuwa anakwenda kupakia magunia kule Nambilanje apeleke ghalani Ruangwa. Hakutoa kichwa dirishani. Alishuka, akazunguka nyuma, akasimama kwenye lile gurudumu la kulia. Saburi akamfuata huku anafuta mikono.

Ndani ya rimu palikuwa na weusi uliolowa. Vumbi limegandia, limetengeneza tope. Tadeo akagusa kwa kidole, akanusa, akamwonyesha.

"Jasho," akasema.

"Na wewe ungebeba ulichobeba lori hili ungetoka jasho. Lakini Mmakua atajuaje kazi."

"Saburi. Leo nimekanyaga breki pale mteremkoni, gari likavuta kushoto. Kulia hakuna kitu. Nimepampu, nimepampu, ndiyo likaja."

"Limekuogopa sura."

"Fungua habu hii."

Saburi akatazama barabarani. Duka la pili kutoka pale kulikuwa na mtu wa Hemedy, anayepokea mizigo, na mtu yule alikuwa na simu na alikuwa na mdomo. Habu ikikaa chini, kabla ya magharibi Ruangwa itakuwa inajua.

"Nifungue nini? Nimeifunga juzi. Hiyo grisi ya ziada tu, inatoka ikipata moto. Itakauka."

"Kesho nikiwa na magunia," akasema Tadeo, "pale mteremkoni, nitakufa, Mmwera. Utakuja matangani kwangu kula ubwabwa."

Haya. Hapo ndipo ninapotaka usimame na mimi kidogo, maana Saburi mwenyewe alisimama pale, tangu siku ile mpaka leo hajaondoka. Maneno yale yalikuwa ni yale yale. Nitakufa, utakuja matangani, ubwabwa. Tadeo alikuwa ameshayasema pale pale, kwa mdomo ule ule, mara kibao, na kila mara ilikuwa mzaha. Mtu yeyote angesema ni utani. Na utani una faida moja ambayo watu hawaisemi: unaweza kusikia, ukajifanya umesikia kitu kingine, na hakuna wa kukudai. Saburi alimtazama usoni. Tadeo hakuwa anacheka. Saburi akaliona hilo. Aliliona vizuri, kama alivyousikia ule mfereji kwa ukucha.

Akasema, "Ukifa, panya wote wa Mtua watachinja mbuzi. Ubwabwa sitaki, niwekee nyama."

Tadeo akainama, akachota mchanga, akaumwagia kwenye lile tope la rimu, kama mtu anayezima moto au anayezika, sijui. Akapanda gari.

"Haya, fundi," akasema.

Fundi. Siyo Mmwera. Saburi akaona tofauti ile. Alipofika kwake akala vizuri, akalala.

Kesho yake saa za mchana, simu ikalia. Jina la Tadeo. Saburi alikuwa anaosha spana kwa dizeli. Akapokea kwa kidole kidogo, kile kisafi kidogo.

Sauti haikuwa ya Tadeo. Mtu anahema. "Halo, nani mwenzangu? Mwenye simu hii amepata ajali huku mteremkoni, lori limeacha njia. Nimekuta jina lako ndilo la juu."

Saburi akacheka. Ndiyo, alicheka. "Mwambie leo kajitahidi, hata sauti kakodi! Muulize jeneza la mninga au la mwembe?"

Halafu yule mtu akasema, taratibu, kwa heshima, kama unavyoongea na mgonjwa wa akili, "Mzee, mguu wake umebanwa. Tunatafuta jeki." Na nyuma yake Saburi akasikia sauti isiyohitaji honi, inalia. Haikusema nitakufa. Haikusema neno lolote.

Alipanda pikipiki na jeki yake mapajani. Alipofika watu walishamtoa Tadeo kwa nguzo za uzio na mikono yao, wamempakia gari la mchanga kumkimbiza hospitali. Likabaki lori, pua imeingia kwenye shina la mkorosho, magunia yamepasuka, korosho zimetapakaa barabarani, na akina mama wa jirani wanaziokota kwenye kanga, wanapokezana kulia na kuokota. Saburi hakumsalimia mtu. Alikwenda kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Oili ilikuwa inatiririka kutoka kwenye rimu, imeshaosha grisi yote, nyembamba, safi, inang'aa.

Pale ndipo alipomkuta utingo wa lori, mzima, hana hata mkwaruzo, amekaa chini.

"Wewe umetokaje salama?" Saburi akamuuliza.

"Sikuwemo. Nimerudi niliposikia ajali. Bosi Tadeo alinishusha tulipomaliza kupakia. Akasema nipande pikipiki, nimtangulie Ruangwa. Nikamuuliza kwa nini, akasema leo gari ni la mtu mmoja."

Saburi akakaa chini karibu naye. Mtu anayefanya mzaha wa kufa hamshushi utingo. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote, na haukuhitaji mahakama.

Mguu wa kulia wa Tadeo ulikatwa, chini kidogo ya goti. Hemedy alilipa hospitali bila kunung'unika, tuseme ukweli, kisha akawaita watu wa vyuma. Walikuja na mitungi yao, wakalikata lori pale pale lilipoangukia, kwa sababu kulivuta ni gharama. Saburi alikwenda kutazama. Akseli waliikata vipande. Mmoja wa wakataji, kijana mwenye miwani ya moto, akanyanyua kile kipande chenye mifereji.

"Mzee, hii mlikuwa mnaendeshea nini hii? Imeisha kabisa."

"Mazoea," akasema Saburi.

Kule bandani mambo yakawa kama unavyodhani. Wiki nzima mtu haji. Akija, ni wa pikipiki, beringi yake inalia, anataka fundi yeyote aliye karibu. Saburi akaifungua moja, akaigeuza huku na huku. Beringi za siku hizi zinakuja zimezibwa pande zote mbili, zina grisi yao ndani, hakuna pa kuingizia kiganja. Hazilishwi. Zikifa zinatupwa, inawekwa nyingine. Akaibadilisha kwa nyundo na kipande cha bomba, akamaliza upesi sana, akabaki amekaa na lile kopo la grisi katikati ya miguu. Mwenye pikipiki akamwambia, "Ahsante mzee, kumbe unaweza." Saburi akaona ni matusi, ila siyo yale mazuri.

"Nenda kamwone Tadeo," Rukaiya alikuwa anamwambia kila siku. "Karudi kwake Mtua. Watu wote wamekwenda."

"Nitakwenda."

"Unaogopa atakutukana?"

Jibu lilikuwa aibu. Hakuwa anaogopa matusi. Ndiyo aliyokuwa anayataka. Njia nzima, siku alipokata shauri akapanda baiskeli kwenda Mtua, alikuwa anayapanga: Tadeo atasema hivi, mimi nitasema hivi, atanirushia gongo, nitakimbia, nitarudi. Ataniita muuaji mbele ya watu, sawa, kwa mtani neno hilo linameng'enyeka. Nitamwambia ukweli katikati ya matusi, kama unavyoficha dawa kwenye tonge. Hakuwa na lugha nyingine ya kuongea na Tadeo. Hawakuwahi kutumia nyingine.

Valentina, mke wa Tadeo, alikuwa anafagia uwanja. Akaacha ufagio akampokea baiskeli. "Karibu shemeji. Yuko nyuma."

Tadeo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, magongo yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Amepungua kifua. Saburi akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaanza kama kawaida.

"Mmakua! Nimeambiwa umekuwa mfupi zaidi, nikasema haiwezekani, nije nishuhudie!"

Tadeo akageuka. Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mwenyekiti wa mtaa.

"Karibu, mzee Saburi. Shikamoo."

Walikuwa rika moja. Kama wamezidiana, wamezidiana msimu.

"Shikamoo ya nani? Unamwamkia babu yako aliyeliwa na nguruwe?"

"Karibu ukae, mzee. Valentina, mletee mzee kiti. Habari za nyumbani? Bi Rukaiya hajambo?"

"Hajambo, anauliza lini utakufa tuje tule."

"Mwambie namsalimia sana. Namshukuru kwa unga alioleta."

Wakakaa. Kuku wakapita. Saburi akamtania kuhusu pini ya suruali, kuhusu kiti, kuhusu kuku waliokonda, akisema hata panya wa hapa wamehama. Kila moja Tadeo alilipokea kwa upole, "Ni kweli, mzee," "Ndiyo hivyo, mzee," kama anapokea bahasha. Valentina alisimama na ufagio wake, haelewi amtazame nani.

"Tadeo," Saburi akasema mwishowe, sauti imeshuka yenyewe, "ile siku, ile sili, mimi nilikuwa..."

"Yamepita, mzee. Kazi ya Mungu. Usijisumbue."

Mlango ukafungwa. Kwa adabu kabisa, bila kubamiza.

Saburi akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta jiwe. Chini ya ukuta, karibu na magongo, kulikuwa na jozi ya viatu vya ngozi, vya kuendea kanisani, vimepigwa dawa. Akaona amepata. Mtani anachukua kitu chako, unamfukuza, mnagombania, mnaangushana, mnacheka, kwisha. Hakuna Mmakua aliyewahi kumwacha Mmwera aondoke na kiatu chake.

"Sasa wewe viatu viwili vya nini?" akasema. "Huoni unafuja? Nipe kimoja. Cha kulia hakina kazi."

Valentina akaziba mdomo kwa kanga.

Tadeo akavitazama viatu. Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana.

"Ni kweli," akasema. "Kimebaki bure. Valentina, mpe mzee kile cha kulia."

Valentina hakutembea. Tadeo akamwambia tena, polepole, kwa jina lake. Akaenda, akakiokota kiatu, akakifuta kwa pindo la kanga, akakileta kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo, kama anavyokabidhiwa mgeni zawadi. Saburi akakipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ungefanya nini.

"Ahsante," akasema.

"Ahsante kwa kuja kutuona, mzee. Barabara nzuri."

Saburi akatoka. Alikibana kiatu kwenye kerea ya baiskeli, akazungusha mpira wa kufungia, akaufungua, akaufunga upya. Akaangalia upepo wa gurudumu la mbele ambalo halikuwa na tatizo. Akasukuma baiskeli uwanjani bila kupanda, polepole, hatua za bibi harusi, akipita kuku, akipita kinu, akipita mkorosho wa kwanza na wa pili, akimpa mtu nafasi ya kuita. Mtu mwenye sauti isiyohitaji honi, ambaye angeweza kumwita akiwa huko huko amekaa, Mmwera mwizi we, rudisha kiatu changu, na mtaa mzima ungesikia.

Alipofika njia kubwa alisimama kabisa, akageuza sikio.

Valentina alikuwa ameanza tena kufagia. Ni ufagio tu uliokuwa unasikika.